Nakuachia Mto

Bendi ya Radi Kavu sijawahi kuipenda hata siku moja, na naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu mtaani kwetu sasa najulikana kuwa shabiki wao sugu. Watu waliniona kwenye tamasha lao la kuaga. Wakaniona kwenye tamasha la kuaga lililofuata. Kwenye la tatu nikatokea mpaka gazetini: picha imepigwa kutoka jukwaani, umati mzima umeinua nyuso kama vifaranga wanaosubiri kulishwa, na katikati yao kuna kisogo kimoja. Kisogo hicho ni changu. Jirani yangu muuza mkaa aliniuliza kama nilikuwa naandamana.

Shabiki wa kweli ni dada yangu. Mama alituzaa wawili tu, yeye mkubwa na mimi mdogo, na maisha yake yote ya kazi dada ameyamalizia kwenye kiwanda cha misumari. Huko waya mnene unaingia upande mmoja wa mashine, mashine inauuma, inachonga ncha, inagonga kichwa, na msumari unadondoka kwenye pipa la chuma. Kisha mwingine. Kisha mwingine, kabla hujamaliza kusema "mwingine". Mashine zimepangwa safu kwa safu chini ya paa la bati na zote zinasema kwa pamoja. Ungetegemea mtu akitoka humo atafute kimya. Dada alikuwa akirudi nyumbani anavua viatu, anatoa pamba masikioni, anaweka kaseti ya Radi Kavu na kufungua sauti mpaka mwisho. Alisema inampumzisha.

Kwa wale waliobahatika kutowajua, Radi Kavu ni wanaume wanne wa muziki wa roki: magitaa mawili ya umeme, la besi moja, na mpiga ngoma ambaye nadhani aliwahi kukosewa sana utotoni. Walianza wakiwa na nywele mpaka mabegani. Nywele hizo zilishaaga zamani, na ziliaga mara moja tu, bila tangazo wala tiketi.

Tulipokuwa wasichana tulikaa na mama kwenye chumba kimoja cha kupanga, kitanda chake upande wa dirisha, chetu upande wa mlango, katikati pazia. Pazia hilo ndilo la kwanza nililoshona maishani, na mpaka leo ninakula kwa kushona mapazia. Kitanda chetu kilikuwa na mto mmoja. Yaani mto wa kulalia, wa pamba, uliobonyea katikati. Mwenye mto alikuwa dada kwa sababu ya ukubwa, na mimi nililalia mkono wangu.

Dada alipopata kazi kiwandani alipangiwa zamu ya alfajiri. Alikuwa anaamka gizani, anavaa kwa kupapasa, na kabla hajatoka ananyanyua kichwa changu na kuusukuma mto chini yake. Mto bado una joto la kichwa chake, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo sabuni haikuiweza. Na akiusukuma ananiimbia taratibu mama asiamke: nikiondoka usinililie, nakuachia mto, baridi ikija uukumbatie.

Huo ndio wimbo wenyewe, unaitwa "Nakuachia", na ndio wimbo pekee wa Radi Kavu ambao niliuelewa. Niliwahi kuuliza kama mto wanaousema ni ule wa maji. Dada alinitazama kwa huruma. "Mto wa maji ni wa nani hata akuachie?" akasema. "Na utaukumbatiaje?" Kwa hiyo tukakubaliana, yeye na mimi, kwamba wanaume wale wenye suruali za ngozi na minyororo walikuwa wanaimba kuhusu mto wa kulalia. Kwa kweli ndicho kitu kimoja kilichonifanya niwaheshimu kidogo.

Kitu kingine alichotoka nacho kiwandani ni lugha ya midomo. Kwenye kelele ile hakuna anayesikia, basi wanawake wa misumari wanazungumza bila sauti: unatamka neno polepole, mwenzako anakutazama mdomo. Wanaweza kumsengenya msimamizi akiwa amesimama kati yao na asijue lolote. Dada alinifundisha, na tukawa tunamsengenya mama mezani huku tunatafuna. Mama alidhani ni adabu ya kula kimya. Alitusifu kwa wageni.

Sasa basi. Miaka ikaenda, mama akafariki, dada akaolewa na mwanaume mpole anayependa habari za redioni na usingizi, mimi nikafungua kibanda changu cha mapazia, na Radi Kavu wakazeeka. Siku moja redio ikatangaza kwamba wanastaafu na watafanya tamasha moja la kuaga, lenye jina la "Kwaheri". Dada alilia. Alilia mpaka shemeji akatoka chumbani na kuuliza nani amefariki. Alipoelezwa akarudi kulala, na kwa kitendo hicho nafasi yake ikawa yangu, maana dada alihitaji mtu wa kwenda naye.

Alinitaka pia nimshonee foronya mpya, nyeusi, yenye radi nyekundu katikati. Nikamuuliza ya nini. Akasema ni ya mto atakaokwenda nao uwanjani, ili wimbo wetu ukifika kwenye kiitikio auinue juu.

"Dada, mtu mzima na mto mkononi?"

"Wenzangu wote watakuwa nayo," akasema. "Wewe hujui mambo ya mashabiki."

Mlinzi wa getini, baba mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, alituzuia. "Mama, humu hakulaliwi."

"Najua, mwanangu. Ni wa wimbo."

"Wimbo gani?"

Dada akamwimbia. Palepale getini, watu nyuma yetu wamejipanga, akamwimbia ubeti na kiitikio. Mlinzi akaupapasa mto, akaubonyeza pembe zote nne, akaunusa, halafu akauruhusu upite. Nafikiri alitaka tu dada aache kuimba.

Humo ndani nilitazama kulia na kushoto. Mito haikuwapo. Nilimwambia dada kwa midomo, "Wenzako wameacha mito nyumbani." Akanijibu kwa midomo kwamba ya kwao labda ni midogo.

"Nakuachia" ulipoanza dada alikuwa ameshafumba macho. Kiitikio kikafika, na uwanja mzima ukainua viberiti na tochi za simu, mwanga kila mahali, na dada yangu katikati akainua mto. Aliuinua kwa mikono miwili, juu kabisa, kama mtu anayevuka maji na mzigo wake. Nyuma yetu alisimama mwanaume mwenye koti la ngozi lisilofunga tena vifungo. Akamgusa bega.

"Mama, shusha mto. Hatuoni moto."

"Moto gani?"

"Wa wimbo. Nakuachia moto." Akatuangalia wote wawili. "Kwani nyie mnaimba nini?"

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishikilia kwenye koti la yule mwanaume, mbavu hazina hali. Nikatazama mdomo wa mwimbaji kwenye kioo kikubwa cha pembeni, na ni kweli, mdomo wazi, wa duara: moto. Ukisema moto midomo inafunguka papo hapo. Ukisema mto inabana kwanza, inakaa imebana, ndipo inaachia. Mwanamke aliyesoma midomo ya wenzake kazini maisha yake yote hakuwahi kuuona mdomo wa mtu aliyempenda kuliko wote. Alimjua kwa kaseti tu.

Dada hakucheka. Aliushusha mto, akaukumbatia kifuani, na akabaki anazitazama zile tochi mpaka zikazimwa.

Njiani kurudi alisema, "Sikuusikia."

"Hukusikia nini?"

"Wimbo. Ulipita wote mimi nashangaa moto." Akatembea kidogo. "Lazima niusikie tena."

"Wameshaaga, dada. Ndiyo maana ya kwaheri."

Unaona nilivyokuwa sijui mambo ya mashabiki. Haukupita muda mrefu redio ikatangaza kwamba kutokana na maombi mengi ya wananchi, Radi Kavu watarudi na tamasha la "Kwaheri ya Mwisho". Nyumbani kwetu mgeni akiaga halafu akaendelea kukaa, mama alikuwa anajua kinachosubiriwa ni chakula. Hawa nao walikuwa hawajashiba.

Mimi wakati huo nilikuwa namtania dada bila kuchoka. Akija kibandani namuuliza kama nimwachie moto. Akipiga miayo namuuliza kama nimletee moto wa kulalia. Yeye alikuwa na jibu moja: "Wamekosea wao. Nani anakumbatia moto?" Na mnaona, hapo alikuwa na hoja. Mwimbaji anamwachia mpenzi wake moto, anamwambia baridi ikija aukumbatie, na watu wazima kwa maelfu wanashangilia.

Katikati ya utani huo ndipo tuligundua habari ya masikio.

Ilikuwa jikoni kwake. Nimekaa mlangoni, dada amenipa mgongo anaosha masufuria, na maziwa yakaanza kupanda juu ya jiko. Nikasema, "Dada, maziwa." Nikasema tena. Nikasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia na kutazama maziwa yao. Dada aliendelea kuosha, anaimba kidogo, mpaka maziwa yakamwagika na harufu ndiyo iliyomwambia. Akageuka, akanikuta nimesimama. "Sasa wewe unayaangalia tu?" akaniuliza.

Kumbe masikio yake yalianza kwenda zamani. Hakuna aliyejua, kwa sababu ukizungumza naye uso kwa uso alikuwa anakusoma mdomo na kukujibu sawasawa. Alitudanganya wote, na nadhani alijidanganya na yeye mwenyewe. Shemeji alisema alidhani mkewe ameanza tu kumpuuza, akaona ni jambo la kawaida kwenye ndoa.

Daktari wa masikio alikuwa kijana msafi aliyezungumza huku ameinamia karatasi zake, kwa hiyo dada hakupata hata neno. Nikawa namfikishia kwa midomo. Alisema kilichoharibika ni mishipa ya ndani, hairudi, na kilichobaki nacho kitapungua mpaka kiishe. Alisema sababu ni kelele za muda mrefu. Dada akapeleka habari hiyo kiwandani. Msimamizi alimsikiliza kwa upole mkubwa, kisha akamwambia kiwanda kimesikitika sana, lakini kila mtu anajua kwamba yeye ni mpenzi wa muziki wa makelele. Umeona uungwana huo. Mtu amesimama kando ya mashine ya misumari tangu usichana wake, halafu aliyemharibu ni kaseti.

Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kiliongeza kila sauti, hasa za sahani. Maneno ya watu hakikuyaongeza, kiliyakoroga tu. Akawa anakivaa kwa ajili ya kumridhisha shemeji, halafu anakisahau kwenye kikombe.

Jioni moja, tumekaa barazani kwake, alinieleza anachotaka. Alinieleza kwa sauti, na sauti yake ilishaanza kuwa kubwa kupita kiasi.

"Nataka niusikie mara moja tu. Mara ile nilipumbaa. Safari hii nitasikiliza kila neno, na kama ni moto basi nisikie kwa masikio yangu kwamba ni moto. Halafu yaende yanakokwenda."

Sikumtania tena baada ya hapo. Nilikata tiketi mwenyewe.

"Kwaheri ya Mwisho" ilifanyika kwenye ukumbi wa michezo. Mto uliachwa kabatini, kwa uamuzi wake. Sikio lake la kushoto lilikuwa bado linashika kidogo, kwa hiyo alisimama ubavu, sikio limeelekea jukwaani, macho yamenielekea mimi, na kila wimbo ukianza ananiuliza kwa midomo, "Ndio huu?" Namjibu, "Bado." Wakapiga nyimbo mpya ambazo hakuna mtu aliyeziomba. Wakamshukuru mwenye ukumbi, mwenye jenereta, mwenye soda. Mpiga ngoma akapiga ngoma peke yake kwa muda ambao ungetosha kupika maharage. "Ndio huu?" "Bado, dada."

Mwishoni mwimbaji akafuta jasho na kusema kwamba "Nakuachia" ni wimbo mtukufu, hawawezi kuupiga leo, wameuhifadhi kwa ajili ya siku yenyewe ya mwisho, itakayoitwa "Kwaheri ya Mwisho Kabisa". Watu wakashangilia. Mimi nilitamani kupanda jukwaani na mkasi wangu wa mapazia. Dada akaniuliza anasema nini, nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole. "Basi tusubiri," akasema.

Tukasubiri. Siku ikatangazwa, ikakaribia, ikaahirishwa, kwa sababu mwimbaji alikuwa na mkwaruzo kooni na daktari wake alimshauri apumzishe sauti. Koo lake lilipelekwa sehemu yenye hewa nzuri. Redio ilitupa habari za koo hilo kila wiki: linaendelea vizuri, limeanza kunywa supu. Masikio ya dada hayakuwa na redio.

Alikuja kibandani kwangu asubuhi. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya pazia refu la hoteli, natia pini, na nilisikia viatu vyake kabla sijamwona. Akasimama. Nikamwambia akae, kwa midomo na mikono.

"Yamekwenda," akasema.

Alisema alipoamka alidhani shemeji ameacha kukoroma. Akafurahi. Kisha akapiga kofi ukutani, akapiga sufuria kwa mwiko, akaweka kaseti na kufungua sauti mpaka mwisho, mpaka shemeji akaamka kwa hofu na yeye akamwona anapiga kelele bila kelele.

"Hata hayakuaga," akasema dada.

Nilikaa chini kwenye pazia la watu na nikalia. Sikujali pini. Nilikuwa na hasira na kiwanda, na koo la mtu ambaye sijawahi kukutana naye, na kile kikombe chenye kifaa ndani. Dada ndiye aliyenibembeleza, huku ananiambia kwa sauti ya kuita mbuzi kwamba si kitu, si kitu.

Koo likapona, kwa taarifa yenu. Siku mpya ikatangazwa. Dada akasema tiketi nimpe mtu mwingine.

"Tunakwenda," nikamwambia.

"Nikafanye nini? Nikaone vipara?"

"Utaimbiwa."

"Na nani?"

Hapo ndipo nilipolazimika kukubali jambo la aibu. Nimelala chumba kimoja na kaseti zile miaka na miaka. Nimezisikia kupitia pazia, kupitia mto, kupitia vidole nilivyoziba masikio. Ninajua nyimbo zote za Radi Kavu, ubeti kwa ubeti, na pale gitaa linapolia peke yake ninajua linalia mpaka wapi. Mtu hachagui kinachomganda kichwani.

Tamasha lilifanyika uwanja wa wazi, jua bado liko juu. Getini tulimkuta mlinzi yuleyule mwenye filimbi. Akatutambua. "Leo mto uko wapi?" akauliza. Dada alimsoma mdomo, akatabasamu.

Tulisogea karibu. Nikamsimamisha dada, nikasimama mbele yake, nikageuka, nikawapa Radi Kavu kisogo. Nakuhakikishia ni nafasi nzuri kuliko zote za kutazamia bendi ile. Mlinzi alikuja tena kunielekeza. "Mama, jukwaa liko upande ule."

"Ndiyo maana nimesimama hivi," nikasema.

Wakaanza. Nami nikaanza. Kila neno lililotoka kwenye spika nililitamka bila sauti, polepole, kwa mdomo mpana, jinsi wanavyosema wanawake wa misumari. Gitaa likilia peke yake nilimchezea gitaa hewani. Ngoma nilimpigia mabegani kwake kwa viganja. Mwimbaji alisahau maneno mara kadhaa, uzee, akajaza kwa kusema "eeh, eeh", lakini dada hakupoteza neno hata moja, kwa sababu mimi sikusahau. Nathubutu kusema alipata tamasha bora kuliko walilopata waliosikia. Watu waliotuzunguka walitutazama mwanzo, kisha wakatuzoea. Dada alinitazama mdomo bila kupepesa, na taratibu mwili wake ukaanza kucheza. Nilikuwa na furaha, na nasema hivyo bila kulazimishwa na mtu.

Jua likazama. Mwimbaji akasogea mbele kwa hotuba. Akasema wamekaa, wametafakari, wameona machozi yetu, na wametambua kwamba hawawezi kutuacha. Mwakani watarudi kuja kutuaga tena. Uwanja ukalipuka kwa shangwe, dada akauona na kunishika mkono.

"Anasema nini?" Aliuliza kwa sauti kubwa hivi kwamba muuza soda aligeuka.

Nilifikiri kidogo sana.

"Anasema kwaheri," nikamwambia kwa midomo.

Dada akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akampungia mwimbaji, taratibu, kama unavyompungia mtu wa nyumbani anayekwenda mbali.

Halafu wakapiga "Nakuachia".

Sikuhitaji kugeuka. Nikaanza ubeti wa kwanza, yeye midomo yake inakwenda pamoja na yangu. Nikaona watu nyuma yake wanatafuta viberiti mifukoni, wanawasha simu. Najua na yeye aliona hivyo hivyo nyuma yangu. Mwanga ukapanda pande zote, usoni kwake kuna nukta nyingi za moto. Nikiondoka usinililie, nakuachia. Neno linalofuata lilikuwa linakuja, mwimbaji analivutia pumzi, na uwanja mzima utalitamka kwa mdomo wa duara.

Dada alitaka ukweli. Aliniambia mwenyewe barazani, na ukweli nilikuwa nao. Lakini mimi katika maisha yangu sijawahi kuachiwa moto. Niliachiwa mto, alfajiri, wenye joto la kichwa chake, na mtu aliyeuacha akaenda gizani kusimama kando ya mashine iliyomla masikio, ili mimi nisome na ninunuliwe cherehani.

Nikabana midomo. Nikaiacha imebana, muda mrefu, aone vizuri. Kisha nikaachia.

Dada alitazama mdomo wangu. Akatazama mioto iliyojaa uwanja mzima. Akanirudia mimi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Mwongo," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka getini. Kisha akanikamata mashavu kwa mikono yake miwili, nisije nikageuka.

"Rudia."

Nikarudia. Nikarudia kila kiitikio kilipofika, na bendi ilipomaliza na kushuka na watu wakaanza kuokota makoti yao, dada alikuwa bado amenishika mashavu, nami nilikuwa bado nabana midomo na kuachia.